Dawa ya maumivu ya mbwa, na kwa nini nusu kidonge chako si dozi yake

Mbwa akianza kuchechemea, wengi humkatia nusu kidonge cha Brufen (ibuprofeni): yeye mdogo, basi nusu inamtosha. Hesabu hiyo ndiyo inayoua.

Daktari wa mifugo akitaja dawa ya maumivu ya mbwa, mara nyingi anamaanisha kaprofeni au meloksikamu. Hizi ni ndugu wa ibuprofeni na diklofenaki. Zote huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Shida ni kwamba kemikali hizohizo hulinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na husaidia figo zipate damu ya kutosha. Zikizimwa kupita kiasi, mguu unapoa huku tumbo linatoboka.

Mwili wa mbwa pia hauitoi kila dawa kwa kasi yetu. Naproksini kwa mtu hupungua nusu katika damu baada ya nusu siku hivi; kwa mbwa huchukua kama siku 3. Ukimpa kila siku, unamrundikia.

Hata dawa ikiwa ileile, kipimo ni kingine. Meloksikamu ya mbwa huanza na miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1. Mbwa wa kilo 10 anahitaji miligramu 1 kwa siku. Kidonge kidogo cha binadamu kina 7.5. Nusu yake ni karibu mara nne.

Panadol ina njia yake: ikizidi huharibu ini, na damu hushindwa kubeba oksijeni. (Paka usimpe hata chembe.) Na kama mbwa amechomwa sindano ya deksamethasoni (steroidi ya kupunguza uvimbe) juzi, mwambie daktari kabla hajaandika kingine, maana ikikutana na dawa za jamii ya Brufen vidonda vya tumbo huja haraka.

Keshameza? Usisubiri atapike, asusie chakula au anye kinyesi cheusi kama lami. Figo huumia kimyakimya. Mpeleke na pakiti ya dawa. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, nayo ni sumu kwake.

Kama hajameza kitu, ila anachechemea tu na daktari yuko mbali, mfunge asirukeruke, umkande kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa.