Lami haiui kutu

Ukipeleka gari kuukuu kwenye gereji nyingi za Nairobi, utasikia neno lile lile la miaka yote: kutu ikipakwa rangi nyeusi ya lami, inakufa. Haifi, inafunikwa tu. Kutu huishi kwa maji na hewa, na vyote viwili hunaswa chini ya ile lami huku bati likizidi kuliwa.

Chukua bisibisi ugonge taratibu chini ya mlango, karibu na pale jeki inapokaa. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa sauti butu, kisha bisibisi inazama na magamba mekundu yanamwagika chini. Na gari dogo kama Toyota Starlet halina chasisi, yaani fremu ya chuma ya kubeba gari, iliyo peke yake kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Tundu hapo si suala la urembo, ni uhai wa abiria gari likigongwa.

Dawa ni kukata hadi kwenye chuma kisafi, kisha kuchomelea bati jipya. Betri ichomolewe kwanza, na gari litegemezwe vizuri, la sivyo bodi hupinda na milango ikakataa kufunga. Lami ije mwisho, juu ya praima, ile rangi ya kwanza inayopakwa kwenye chuma.