Nani anazuiliwa kugombea Ubunge kwa sababu ya kifungo?

Uchaguzi unapokaribia, wateja wa Unguja na wa Pemba huniuliza swali moja: je, mtu aliyewahi kukaa ndani anaruhusiwa kugombea? Jawabu linategemea kwanza kama mahakama ilimtia hatiani. Maalim Seif Sharif Hamad alikamatwa mwaka 1989 na hakutoka hadi 1991, lakini hakutiwa hatiani, na kwa hivyo kukaa kwake kizuizini hakukumzuia kugombea Urais wa Zanzibar mwaka 1995 wala kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais mwaka 2010.

Kwa aliyetiwa hatiani, mambo ni mengine. Mwakilishi tunamchagua chini ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 na Mbunge chini ya Katiba ya Muungano ya 1977. Hapa nazungumzia Ubunge peke yake. Ibara ya 67(2), aya ya (c), inamzuia aliyehukumiwa kifo au kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Aya ya (d) inamzuia aliyefungwa kwa kosa la namna hiyo, au kwa kuvunja sheria ya maadili ya viongozi wa umma, katika miaka mitatu kabla ya uchaguzi mkuu. Aliyekwepa kodi ana kipindi chake, miaka mitano.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba aliyemaliza kifungo cha mwaka mzima kwa kupigana hakuguswa na aya hizi, ilhali aliyefungwa miezi minane kwa kughushi hati ya kiwanja amezuiliwa. Mimi sioni ajabu, kwani Mbunge hukabidhiwa dhamana ya mali ya umma.

Kinachonitatiza ni kwamba aya ya (d) ina kikomo cha muda, na aya ya (c) haina. Kwa maandishi yake, aliyeghushi akiwa na miaka ishirini bado amezuiliwa akiwa na sitini. Afrika Kusini kizuizi huisha miaka mitano baada ya adhabu kumalizika. Ndicho kilichomtoa Jacob Zuma katika uchaguzi wa Mei 2024, kwa kifungo cha miezi 15 alichohukumiwa 2021. Utaratibu huo naona ni wa haki zaidi.

Anayetaka ushauri aje na nakala ya hukumu yenyewe, si hati ya mashtaka tu, maana kosa alilotiwa nalo hatiani huenda silo aliloshtakiwa nalo mwanzo.