Bendi ya roki ikitoka Dodoma kwenda Singida, anza na ethi

Ziara ikipangwa, kila mtu huulizia mabango na vyumba vya kulala. Meneja wa ziara aulize kwanza udongo wa uwanjani. Miezi ya kiangazi ardhi ya kanda hii hukauka hadi nondo ya ethi, yaani ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, inabaki pambo tu. Ethi ikiwa mbovu na amplifaya ikivujisha umeme, mpiga gitaa anayeshika nyuzi huku midomo ikigusa maiki ndiye anayegeuka waya.

Pigilia nondo ya shaba ya mita 1.5, mwagia ndoo ya maji ya lita 20 mara mnapofika, na nyingine kabla ya saundi cheki, yaani jaribio la sauti. Chumvi kwenye ndoo ya kwanza inasaidia. Inakula shaba, lakini kwa usiku mmoja si neno. Kisha pima kwa multimita kati ya nyuzi za gitaa na kichwa cha maiki. Ikizidi volti chache, hakuna kupiga. Wapo mafundi wanaokata waya wa ethi kwenye plagi ili kuua mvumo, ile ngurumo ya chini kwenye spika. Mvumo unaisha kweli, na kinga imeondoka nao. Lisha mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na amplifaya zote kutoka chanzo kimoja, mvumo mwingi utakwisha wenyewe.

Unene wa waya nao usiachiwe promota. Waya wa milimita za mraba 2.5 ukivutwa mita 50 kwa ampea 16 unapoteza volti 11 hivi. Wa 6 haupotezi hata 5.

Haya yote yanakula muda, kwa hiyo hesabu saa kinyumenyume. Shoo saa 2 usiku, saundi cheki saa 10 alasiri, umeme uwe jukwaani saa 7 mchana. Hadi Singida kupitia Manyoni ni kilomita 240 hivi. Fuso lenye mzigo, na vijiji vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa, litengee saa 5. Ondokeni saa 12 asubuhi. Nyaya na nondo zipakiwe mwisho ili zishuke kwanza, dramu zikae ndani kabisa.

Vumbi: mikisa ifunikwe kanga kavu hadi dakika ya mwisho, la sivyo vitelezi vyake vya kupandisha na kushusha sauti vitakwaruza sauti usiku kucha. Juni na Julai baridi hukaza nyuzi na sauti hupanda, kwa hiyo gitaa zitolewe kwenye mikoba robo saa kabla ya kutyuniwa, tena pale pale jukwaani, si kwenye chumba chenye joto.