Kwa nini safari ya kwenda na ya kurudi hazilingani muda

Wengi huamini kwamba ndege inayoelekea magharibi huwahi kufika, kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki na hivyo kuusogeza uwanja uje kuipokea. Sivyo. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo; vinginevyo helikopta ingeelea tu angani ikisubiri mji ufike chini yake!

Tazama London na New York. Umbali ni kilomita 5,500 hivi, lakini kwenda New York huchukua takriban saa 8, na kurudi saa 7 au pungufu. Kinacholeta tofauti ni mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi. Majira ya baridi huzidi nguvu, na pengo hupanuka.