OB ni nini, na inavyokusaidia kumtafuta mtu aliyekamatwa Mombasa

Kila mkaazi wa Mombasa aliyewahi kupoteza kitambulisho anaijua OB. Unaingia kituoni, unaeleza pale kaunta kwamba pochi imedondoka kwenye matatu, afisa anaandika, anakupa kikaratasi chenye namba, na namba hiyo ndiyo unayoombea abstrakti, ile hati ya polisi ya kuonyesha kwamba uliripoti. Wengi wetu tunaishia hapo, tukidhani OB ni kitabu cha vitu vilivyopotea. Kumbe humo humo ndimo wanamoandikwa watu waliokamatwa. Usiku mtu wako asipopokea simu na mtaani kunasemwa polisi walipita, hicho ndicho kitabu cha kwanza kukiulizia.

OB ni kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Herufi zake ni za Kiingereza, Occurrence Book, lakini tumezichukua hivyo hivyo na hakuna anayeuliza kwa jina jingine. Kinachofika kaunta huandikwa humo kwa mfuatano wa saa: wizi, ajali, ugomvi wa nyumbani, mshukiwa kuletwa, mshukiwa kutolewa kupelekwa kortini. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka mkuu wa kituo aweke kumbukumbu ya malalamiko yote, majina ya wote waliokamatwa na makosa wanayodaiwa kuyafanya. Kwa anayezuiliwa, sheria hiyo inataka pia ijulikane kwa nini amekamatwa, siku gani na saa ngapi, nani aliyemkamata, na akihamishwa, alihamishwa lini.

Namba yenyewe husomeka, tuseme, 27/14/6/2024. Hilo ni tukio la ishirini na saba kuandikwa siku ya tarehe 14 Juni 2024. Kesho yake hesabu inaanza upya. Ndiyo maana namba ya OB isiyo na jina la kituo haikufikishi popote: Makupa wana 27 yao ya siku hiyo na Nyali wana yao. Ukipewa namba, andika na kituo.

Najua vijana hukimbilia simu kwanza. Wanaandika jina kwenye intaneti na kurasa zinafunguka, nyingi zikiwa za Marekani. Huko, katika kaunti nyingi, ofisi ya sherifu huweka hadharani orodha ya waliomo jela, mara nyingi pamoja na picha, shtaka na kiwango cha dhamana. Kenya hatuna orodha ya namna hiyo. Anayekutaka umtumie pesa ili akuonyeshe rekodi za waliokamatwa Mombasa, mwache. Na mimi sioni kwamba tumekosa jambo jema. Mtu akikamatwa leo na kuachiliwa kesho bila shtaka, picha yake ikibaki kwenye simu za watu inamfuata hadi kwenye posa na kwenye kazi. Ila faragha hiyo ina gharama yake, na anayeilipa ni familia inayolazimika kutembea kituo kwa kituo.

Kutembea kwenyewe kuna namna yake. Kisiwani kuna Central na Makupa. Ukivuka daraja kuna Nyali, Kisauni na Bamburi, upande wa bara kuna Changamwe, na ng'ambo ya feri kuna Likoni. Usidhani aliyekamatwa mtaani kwenu amelala kituo cha mtaani kwenu.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu, mama wa makamo, kumtafuta mwanawe wa bodaboda aliyechukuliwa kwenye msako. Kituo cha kwanza, "Hayuko huku, mama." Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu yule mama alitaja jina analomwita nyumbani, na afisa akatikisa kichwa. Tukabadilisha swali: "Afande, tunaomba ututazamie walioletwa jana kati ya saa mbili na saa nne usiku." Kidole kikashuka kwenye ukurasa, kikasimama. Kijana alikuwa ametoa jina lake la kwanza na la babu yake kama yalivyo kwenye kitambulisho, na aliyeandika, mgeni wa majina ya Pwani, alikuwa amegeuza Mwinyi kuwa Muini. Kilichotuhakikishia ni orodha ya vitu vyake: funguo moja ya pikipiki, simu moja iliyopasuka kioo, shilingi 340. Mama akasema, "Ndiye. Kioo kilivunjika juzi."

Tangu siku hiyo nikiulizwa husema hivi: nenda na jina la kwenye kitambulisho, lakini ulizia saa na mahali kuliko jina. Uliza kama aliletwa halafu akatolewa, kwa sababu kutolewa nako kuna mstari wake. Hutapewa kitabu ukipekue mwenyewe, na ni haki, maana mna siri za watu wengine mle. Lakini kuuliza kama mtu wako yumo si hisani unayoomba. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na ya kuwasiliana na wakili pamoja na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji.

Kuhusu pesa, nitasema kwa ufupi: bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba mtu atafika akiitwa, hailipiwi. Ukiambiwa uweke dhamana ya pesa taslimu, dai risiti na uitunze, maana ndiyo utakayorudishiwa pesa kwayo.

Kifungu kile kile cha 49 kinataka mtu afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, isipite saa 24. Hapa watu wengi hujikanganya. Saa hizo zikiisha wakati korti zimefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa seli hadi Jumatatu na sheria isiwe imevunjwa. Polisi wakitaka siku zaidi, ni lazima waombe korti, na mtu husimamishwa mbele ya hakimu ingawa bado hajasomewa mashtaka yoyote. Kwa hivyo ukifika Mahakama ya Mombasa, au ya Shanzu kwa upande wa kaskazini, usiulize kesi mpya tu. Uliza pia maombi ya polisi ya kuongezewa muda. Watoto wana korti yao Tononoka na majina yao hayatangazwi. Na chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa jinai hata kidogo.

Korti ikishaamuru mtu akae rumande, OB ya kituo imekwisha kazi yake kwake. Mara nyingi atapelekwa Shimo la Tewa, na gereza lina daftari lake, linalotokana na hati ya korti. Hapo namba ya kesi ndiyo itakayokufungulia mlango. (Wazee wa Mji wa Kale wanakumbuka gereza likiwa karibu zaidi: Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, na familia zilipeleka maulizo pale ambapo leo watalii hukata tiketi.)

Kuandikwa kwenye OB si kuhukumiwa. Mstari ule unasema mtu aliletwa na anadaiwa nini, basi. Mwajiri anayetaka kujua historia ya mtu huomba cheti cha tabia njema, kinachotolewa na idara ya upelelezi baada ya kuchukuliwa alama za vidole.

Linaloniuma hasa ni pale mstari usipokuwepo. Pwani tuna familia ambazo mtu wao alichukuliwa mchana watu wakiona, na kila kaunta waliyofika hakuna kilichoandikwa. Mtu asiyeandikwa hana saa ya kukamatwa, na asiye na saa ya kukamatwa, zile saa 24 zake hazianzi kuhesabiwa popote. Ukijibiwa hayupo kila mahali, usirudi nyumbani mikono mitupu. Andikisha mstari wako wewe: ripoti kwamba mtu amepotea, taja saa, mahali, gari na mashahidi, na usiondoke bila namba. Hiyo inakuwa ushahidi kwamba ulifika na uliuliza.

Kisha peleka ombi la maandishi. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inasema habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya habeas corpus, kwamba anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji. Katiba, katika kifungu cha 25, imeiweka haki hiyo miongoni mwa chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Malalamiko juu ya polisi hupokewa na IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, na hapa mjini mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yamewasindikiza watu katika safari hizi kwa miaka mingi. Yaendee siku ya kwanza, usingoje wiki.

Kijana wa jirani yangu aliachiliwa siku ile ile, alasiri, bila shtaka. Mstari mwingine ukaandikwa chini ya ile mistari ya mchana, naye akaitwa kaunta kusaini vitu vyake. Mamake alizihesabu zile shilingi 340 mbele ya afisa, moja moja, kisha akamwambia mwanawe asaini.