Chicago haikuteketezwa na teke la ng'ombe

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: eti mwaka 1871 ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa alipiga teke taa ya mafuta, na jiji lote la Chicago likateketea.

Moto ulikuwepo kweli, na ulikuwa msiba mkubwa. Ulianzia kwenye banda la ng'ombe, au karibu nalo, usiku wa tarehe 8 Oktoba. Watu wapatao 300 walikufa na takriban 100,000 wakakosa makazi. Lakini uchunguzi rasmi wa mwaka huohuo haukuweza kubaini chanzo. Mama mwenye ng'ombe alieleza kuwa alikuwa amelala. Maelezo ya mashahidi yamehifadhiwa, na anayetaka anaweza kuyasoma.

Kilichoukuza moto kinajulikana: ukame wa muda mrefu, upepo mkali, nyumba na hata njia za miguu za mbao, na wazimamoto waliochoshwa na moto mwingine wa usiku uliotangulia. Magazeti yalikimbilia kisa cha ng'ombe, na mama yule, mhamiaji maskini kutoka Ireland, akabeba lawama hadi kufa kwake. Hilo linaniuma.

Wala jiji lote halikuungua. Machinjio makubwa na sehemu kubwa ya reli vilisalia, kazi zikaendelea. Kwa hiyo tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Anayeuleta mwelekeze kwenye takwimu za sensa, zinazoonyesha kuwa jiji liliendelea kukua: watu takriban 299,000 mwaka 1870, 503,000 mwaka 1880, na zaidi ya milioni moja mwaka 1890.