Linda Burney na sheria ya mimea na wanyama ambayo haijawahi kuwepo

Mwaka 2003 Linda Burney alikuwa Mwaborijini (mwenyeji wa asili wa Australia) wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la New South Wales, Australia. Katika hotuba yake ya kwanza alisema kwamba hadi alipofika miaka 10, watu wake walitawaliwa chini ya sheria ya mimea na wanyama, wala hawakuwa raia. Wengi wanaamini hivyo mpaka leo.

Sheria hiyo haikuwepo. Waaborijini walikuwa raia tangu Januari 1949, sawa na Waaustralia wengine, na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa iliwafikia wote mwaka 1962. Kura ya maoni ya 1967, iliyopita kwa zaidi ya asilimia 90, iliwaingiza katika hesabu ya watu na kuiruhusu serikali kuu kuwatungia sheria.

Naelewa kwa nini uvumi huu umeota mizizi. Huko Western Australia, kuanzia 1909, idara moja ilishughulikia Waaborijini na uvuvi wa samaki kwa pamoja! New South Wales nayo ilikuwa na bodi iliyowanyang'anya wazazi watoto wao. Machungu hayo ni ya kweli kabisa. Kilichokosewa ni jina la sheria na suala la uraia.

Burney aliingia baraza la mawaziri la jimbo mwaka 2007, kisha akahamia Bunge la taifa 2016, na kuanzia 2022 hadi 2024 alikuwa waziri wa shirikisho anayehusika na wenyeji wa asili.